Gari ya Nyambu, Baridi Ikikimbia na Joto Ikisimama

Mmeniomba, nyinyi mafundi vijana, niandike juu ya AC, kwa sababu kila wiki mnaletewa gari inayotoa upepo wa moto ikisimama, na mmesikia kwamba mimi nilizishika AC za kwanza kuja Voi. Nitaandika. Lakini mjue mapema kwamba nilisoma mpaka darasa la nne tu, na ufundi wangu ni wa kugusa na kunusa. Nina madaftari, ndiyo. Tangu nilipoingia gereji niliandika kila siku ya kazi mstari mmoja au miwili: gari gani, ugonjwa gani, nilifanya nini. Watu hudhani mwenye daftari hasahau. Mimi nimeyasoma yangu tena mwaka huu na nimeona kwamba siku zilizonitia hofu niliandika kidogo sana.

Nianze na ugonjwa wenyewe.

AC huchukua joto la ndani ya gari na kulipeleka mbele, kwenye ile rejeta nyembamba inayokaa mbele ya rejeta ya maji. Tuliiita kondensa. Joto lazima litokee pale, na haliwezi kutoka bila upepo kupita. Gari ikikimbia, upepo unaingia wenyewe. Gari ikisimama huku injini inanguruma, upepo wote unaletwa na feni. Kwa hivyo gari ikipoa njiani na kuchemka ikisimama, swali la kwanza ni upepo. La pili pia ni upepo. Gesi iwe swali la tatu.

Nayasema haya leo kama mtu anayejua. Wakati ule nilianza na gesi, na mtu mmoja karibu apoteze kazi yake.

Gereji ilikuwa ya Mzee Athumani. Wazee wake walitoka Lamu, lakini yeye alizaliwa hapa Voi kwa sababu baba yake alikuja na kazi ya reli. Alikuwa na kanzu ya Ijumaa na ovaroli ya siku nyingine, na zote mbili zilikuwa safi kuliko shati langu la kanisani. Ndiye aliyenifundisha kusikiliza bearing, zile gololi zinazozunguka ndani ya chuma, kwa bisibisi ndefu: ncha unaiweka kwenye chuma, mpini unaukandamiza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, na bearing mbovu inakuambia yenyewe. Alinifundisha pia kwamba gesi ya AC ikivuja hutoka na mafuta kidogo, na vumbi letu jekundu hushika pale penye mafuta kama unga kwenye mkono uliolowa. Ukiona doa jekundu lenye unyevu kwenye bomba, paka povu la sabuni hapo, utaona likipumua. Hilo alinifundisha vizuri kabisa. Kumbukeni hivyo nitakapofika pabaya.

Na alinifundisha kutoa kava la feni.

Nieleze, kwa sababu nyinyi hamkuikuta desturi hii. Kava la feni ni lile duara la bati au plastiki linaloizunguka feni nyuma ya rejeta. Gereji zote za Voi miaka ile zilikuwa na imani moja: gari zimetengenezwa Ulaya kwa watu wanaoishi kwenye barafu, na kuna vitu vimewekwa makusudi ili injini isipoe sana. Thamostati, ile valvu inayozuia maji ya injini mpaka yapate moto, ni kimoja. Kava la feni ni cha pili, maana ukilitazama linaonekana kama linaizibia feni njia. Basi gari ikiingia kwetu mara ya kwanza, hata kama imeletwa kwa breki tu, tunatoa hivyo viwili. Tuliita kuifanya gari ya Voi. Wenye magari walidai wenyewe. Mtu akinunua gari Mombasa, jirani yake anamuuliza, "Umeshaifanya ya Voi, au utaiacha ichemke njiani pale Maungu?"

Makava yaliyokataliwa na wenyewe tuliyatundika ukutani. Jirani yetu wa nyuma alichukua mawili, kuku wake wakatagia humo.

Kusema haki, mara nyingi hatukuona madhara. Gari zetu zilikuwa lori za mkonge na pikapu za kwenda Kishushe. Gari za namna hiyo hazisimami kumngoja mtu huku injini inanguruma, na hazina AC ya kulalamika. Kwa hivyo simlaumu mtu aliyeamini. Nami niliamini.

Sasa Nyambu. Alikuwa dereva wa loji moja kule mbugani, sitaitaja jina. Mtu wa Mraru, rika langu, tulibatizwa Jumapili moja. Aliendesha gari ndefu nyeupe ya kuwapeleka watalii kutazama wanyama, na ilikuwa ndiyo gari pekee ya loji yenye AC: sanduku jeusi linaloning'inia chini ya dashibodi, lenye midomo mitatu ya kutolea upepo. Nyambu aliitunza gari ile kama nguo ya arusi. Ukiiingia na viatu vyenye grisi anakutazama miguu mpaka unashuka.

Mwezi wa Saba aliileta kwetu mara ya kwanza, kwa ajili ya wota pampu, ile pampu ya maji ya injini. Ili kuifikia pampu lazima utoe kava la feni, skrubu tatu. Nikafunga pampu mpya. Kava nikaliandika kwa chaki neno "Loji" na kulitundika ukutani. Daftari langu la siku hiyo linasema: "Gari nyeupe ya loji. Wota pampu mpya. Nimetoa kava." Halisemi kitu kingine.

Mwezi wa Saba hata Voi kuna baridi. Wageni hufungua madirisha, na AC inalala. Hakuna aliyeona chochote mpaka mwezi wa Kumi ulipoingia na joto lake, na kufikia hapo mimi nilikuwa nimeshalisahau kava lile kabisa.

Nyambu alikuja akaeleza vizuri sana, vizuri kuliko wateja wengi. Alisema wakiwa mwendoni AC inapoa mpaka mama mmoja aliomba sweta, lakini wakisimama kutazama ndovu, dakika tano hazipiti, ile midomo inaanza kutoa pumzi ya jiko. Wakiondoka, inapoa tena. Maneno hayo nimeyaandika kama alivyosema. Jibu lilikuwa ndani yake, nami sikulisikia, kwa sababu nilikuwa tayari nautazama mtungi wa gesi.

Mtungi ule ulikuwa mmoja tu Voi nzima, na mwenye ruhusa ya kuushika nilikuwa mimi. Nadhani hiyo ni sehemu ya kosa. Mtu akiwa na kifaa ambacho wenzake hawana, kila ugonjwa unafanana na kile kifaa. Nikaongeza gesi bila hata kuchungulia kile kioo kidogo cha kuonyesha mapovu. Ningechungulia ningeona hakuna mapovu, maana yake gesi ilikuwa inatosha. Na nyinyi mjue: gesi ikizidi, gari ikisimama inachemka zaidi kuliko kwanza. Niliongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Tukaijaribu. Niliendesha hadi Mraru na kurudi, madirisha yamefungwa, baridi imetujaa. Nyambu aliyekaa kando yangu akaniambia, "Fundi, mbona tunakimbia? Shida yangu mimi ni kusimama."

Nikamwambia gesi ikiwa sawa mahali pamoja, iko sawa kila mahali. Sijui nilitoa wapi maneno hayo. Yalisikika kama ya mtu aliyesoma.

Siku tisa baadaye Nyambu alisimama kwenye kisima cha wanyama na wageni wanne. Kundi la ndovu likaja kunywa, wengine wakafunga njia mbele, wengine nyuma. Hapo dereva hatembezi gari na hafungui dirisha, anangoja. Walingoja karibu saa nzima. AC ikachemka, na mama mmoja mzee kati ya wageni akazirai. Walimfikisha loji, akapewa maji yenye chumvi na sukari, akapata nafuu jioni ile ile. Lakini meneja wa loji alikuwa ameogopa, na mtu mkubwa akiogopa hutafuta mahali pa kuiweka hofu yake. Sisemi hivyo kwa ubaya. Nimefanya vivyo hivyo mimi mwenyewe, kama mtakavyoona.

Gari ililetwa na dereva mwingine, Kilonzo, kijana mpole wa Mtito, pamoja na barua. Meneja alitaka fundi aandike sababu ya AC kuharibika, na aseme kama dereva ameiharibu.

Nililala chini ya gari nikatafuta. Niliona bomba la AC limebonyea kidogo upande wa chini, kama limegongwa. Nilipoliona nilifurahi. Nataka mjue hivyo, kwa sababu furaha ile ndiyo inayonitia aibu zaidi. Nilikuwa naogopa loji itaondoa magari yao kwetu, na naogopa Mzee Athumani ataambiwa fundi wake wa AC hajui AC. Bomba lile likawa kama mlango umefunguliwa. Sikupaka sabuni. Sikutafuta doa la mafuta. Niliandika: "Bomba limegongwa na jiwe. Gesi inatoka pole pole. Sababu ni kupitisha gari mahali pabaya." Nikatia sahihi, nikampa Kilonzo barua, gari ikabaki kwetu ili nilehemu bomba.

Jumatatu Kilonzo alipita akiwa na lori ya loji kuchukua unga. Akaniambia bila hasira yoyote, kama mtu anayetoa habari ya mvua, kwamba Nyambu amesimamishwa. Yuko kwake Mraru. Ijumaa saa nne ataitwa ofisini, karatasi yangu itasomwa, na wanavyosema wenzake, atafukuzwa. Gari nyeupe ikitengenezwa, Kilonzo ndiye ameambiwa aiendeshe.

Nikauliza, "Karatasi yangu?"

"Hakuna nyingine," alisema. "Umeandika vizuri. Meneja alisema hata mwandiko wako ni mzuri."

Daftari la Jumatatu linasema: "Kubadilisha mafuta, pikapu mbili." La Jumanne halina kitu. Nakumbuka Jumanne nilifunga gurudumu la mtu bila kukaza nati, Mzee akaliona, akalikaza mwenyewe bila kuniambia neno. Ningependelea angenikaripia.

Mpaka hapo bado niliamini ni jiwe, au nilitaka kuamini. Kilichonisumbua ni yale maneno ya mwisho niliyoandika, "mahali pabaya". Nani aliniambia gari ilipita mahali pabaya? Bomba halisemi limegongwa lini wala na nani.

Jumatano asubuhi nilijiandaa kulikata bomba. Niliwasha injini, nikawasha AC nione kama sabuni itapumua, kazi niliyotakiwa kuifanya kabla ya kushika kalamu. Vumbi lilikuwa nene, nikachota maji kwa kopo la rangi nikayamwaga mbele ya gari ili yasafishe. Maji yakateremka kwenye kondensa. Nikapaka sabuni pale palipobonyea. Haikupumua. Hakukuwa na mafuta. Ubonyevu wenyewe ulikuwa na kutu ndani yake, jeraha la zamani, pengine la tangu gari ilipoteremshwa melini.

Nilipofungua mlango kuzima AC, mkono wangu ukapita mbele ya ile midomo. Ilikuwa inatoa baridi. Gari imesimama, injini inanguruma, na baridi inatoka.

Nilingoja pale mkono ukiwa hewani. Dakika mbili, tatu. Maji yakakauka, joto likarudi. Nikamwaga kopo la pili, baridi ikarudi. La tatu, vivyo hivyo. Nikachukua ukurasa wa gazeti la zamani nikauweka mbele ya grili. Feni nzima, ikivuta sawasawa, hulinasa gazeti likabaki limeng'ang'ania. Gazeti lilianguka miguuni pangu.

Haya ndiyo majaribio mawili mliyoniomba, na yote ni ya bure. Maji kwenye kondensa: ikipoa, tatizo ni upepo. Gazeti kwenye grili: likianguka, feni haivuti, au inavuta hewa yake mwenyewe inayozunguka pembeni kwa sababu haina kava.

Nikaangalia nyuma ya rejeta. Matundu matatu ya skrubu, safi. Nikainua macho ukutani, na kava lilikuwa pale, na chaki yangu.

Nilikaa juu ya tairi. Sikumwita Mzee Athumani, alikuja mwenyewe kwa sababu injini ilikuwa ikinguruma muda mrefu bila mtu. Nikamwonyesha maji, nikamwonyesha gazeti, nikamwonyesha ukuta. Akalishusha kava, akalifuta kwa kitambaa.

"Lirudishe, mwanangu," alisema. "Gari litapoa, na watu wakiona limepoa watanyamaza."

Niwaambie ukweli, ushauri ule niliupenda. Nilifunga kava, nikatoa gesi niliyoizidisha, nikaiacha gari imesimama juani kuanzia saa sita hadi saa saba. Ilipoa kama maji ya chemchemi ya Mbololo. Mchana wote nilikuwa mtu aliyepona. Nilifikiri nitaipeleka gari, nitasema imetengenezwa, na mambo yatajimaliza yenyewe. Ilipofika saa kumi nikagundua nimetengeneza gari tu. Karatasi ilikuwa bado kwenye faili, na Ijumaa ilikuwa inakuja nayo.

Nilimrudia Mzee nikamuuliza, "Na karatasi?"

Akavua miwani. Alisema, "Nakumbuka nilikwambia magari yenye AC uyarudishie makava yake."

Sikukumbuka. Sikumbuki mpaka leo. Inawezekana aliniambia mimi nikiwa na kichwa ndani ya boneti, na inawezekana alitamani tu kwamba aliniambia. Daftari halisemi. Kwa hivyo naliacha kama lilivyo, msimhukumu yeye wala msinipunguzie mimi.

Nadhani naye aliona mashaka usoni pangu, kwa sababu akaongeza, "Karatasi umeandika wewe. Kutoa makava nimekufunza mimi. Ijumaa tutakwenda wote wawili."

Alhamisi niliomba ruhusa nikaenda Mraru. Nilikuta Nyambu anarudishia miiba kwenye boma la mbuzi. Mke wake, Mama Wakesho, aliniletea kigoda lakini hakuniletea maji, nami nilielewa. Nyambu hakuacha kazi.

"Umekuja kunipa pole," aliuliza, "au umekuja kuniambia kitu?"

"Kukuambia kitu."

Nikamwambia yote, kuanzia wota pampu. Sikuwa na mpangilio. Nilitaja kava kabla ya maji, na gazeti nikalisahau nikalirudia. Nilipomaliza aliweka panga chini.

"Kwa hivyo si jiwe."

"Si jiwe."

"Mimi nimekaa hapa siku nne nikilitafuta hilo jiwe," alisema. "Nimeipita barabara yote kwa kichwa, kutoka geti mpaka kisimani. Jana nikalipata. Nimemwambia mke wangu, ni pale kwenye korongo, siku ya mvua, nilisikia kitu kimegonga. Kesho nilikuwa niende nikakubali."

Hilo sikulitegemea. Nilikuja nikiogopa matusi. Sikujua kwamba mtu mwaminifu ukimwandikia kosa kwa mwandiko mzuri, atalitafuta ndani yake mpaka alipate.

Nilisema, "Ndugu yangu, usikubali."

"Sasa nitakubali nini, na jiwe langu nimeshalipata?" alisema, na karibu acheke, lakini hakucheka.

Mama Wakesho alikuwa amesimama mlangoni wakati wote. Akaniuliza kama kesho nitasema haya mbele ya meneja, na kwa sauti hii hii. Nikasema ndiyo.

"Basi sema sasa tusikie," alisema. "Mfanye Baba Wakesho ndiye meneja."

Nikasimama pale bomani nikasema. Mara ya kwanza nilisema "kava lilitolewa." Akanikatiza: lilitolewa na nani? Nikasema tena. "Nililitoa mimi." Mara ya pili nilisema karatasi "ilikuwa na makosa." Akauliza karatasi ilijiandika? Mara ya tatu akaridhika, akaingia ndani, akatoka na maji.

Ijumaa tulikwenda na gari yenyewe, Mzee Athumani akiwa na kanzu yake. Meneja alikuwa mtu wa maneno machache. Alimketisha Nyambu upande mmoja na sisi upande mwingine, karani akasoma karatasi yangu. Maneno yangu mwenyewe yakisomwa na mtu mwingine yalisikika ya kweli kabisa. Hata mimi karibu niyaamini. Kisha nikasema kama nilivyofundishwa bomani. Neno "mimi" halikunipotea.

Meneja aliuliza, "Bomba limegongwa au halikugongwa?"

"Limegongwa zamani, na halivuji."

"Kwa hivyo uliandika jambo usilolijua."

"Ndiyo, bwana."

Mzee Athumani akasimama. "Na kutoa lile kava, bwana, ni desturi ya gereji yangu. Kijana ameifuata. Desturi hiyo imekwisha Jumatano."

Tulitoka uani. Nilitoa kava, tukaiacha gari ikinguruma dakika kumi, meneja akaweka mkono wake kwenye midomo ya AC, ikawa moto. Nikamwaga maji, ikapoa. Maji yakakauka, ikawa moto. Nikafunga kava, mikono ikiteleza kwa jasho, skrubu moja ikaanguka vumbini na Nyambu ndiye aliyeiokota akanipa bila kunitazama. Tukangoja tena. Baridi ikaja, ikakaa. Meneja alijipangusa mkono kwa leso, akamwambia karani aandike kwamba dereva hana kosa. Karatasi yangu ilibaki kwenye faili, hii mpya ikabanwa juu yake.

Ningependa kuwaambia kila kitu kilirudi mahali pake. Nyambu alirudishwa kazini siku ile ile, lakini gari nyeupe ilikuwa imeshakuwa ya Kilonzo, na meneja alisema hawezi kuwabadilisha madereva kila wiki mbele ya wageni. Nyambu akapewa lori ya kuni na maji. Mshahara ule ule, vumbi mara tatu. Sijui kama meneja alikosea. Kilonzo naye hakuwa ameiba kitu. Magari madogo ya loji yalipelekwa Mombasa kutengenezwa tangu siku hiyo, na zaidi ya mwaka mmoja hatukuyaona. Lori waliiacha kwetu kwa sababu ilikuwa nzito kupeleka mbali.

Sisi tulianza kuyarudisha makava. Tuliwaandikia wenye magari, wengine wakatucheka, wakasema Athumani na fundi wake wamekuwa Wazungu. Lile la pikapu ya mwalimu mmoja tulilikuta kwa jirani, na kuku amelalia mayai kumi na moja ndani yake. Mwenye kuku alikataa katakata. Mwalimu alingoja mpaka vifaranga vikatoka.

Nyambu aliendelea kuja kwetu na lori, mara mbili kwa mwezi, wakati mwingine zaidi. Miezi ya kwanza alizungumza nami mambo ya lori peke yake. Lakini siku ya kwanza kabisa nilipomaliza kazi, nikajaza kadi ya kazi ya gari na kutaka kutia sahihi, aliweka kidole juu ya kalamu.

"Nisomee."

Nikamsomea. Kubadilisha breki za nyuma, kupaka grisi. Akaitikia kwa kichwa, akaondoa kidole.

Alijua kusoma kuliko mimi. Hata hivyo kila mara alitaka kusikia kwa mdomo wangu, tukiwa mbele ya gari, boneti ikiwa wazi. Ikawa mazoea. Baadaye nikaanza kuwasomea madereva wengine pia, hata wasioomba, na mtashangaa ni mara ngapi mtu alisema, "Hapana fundi, hapo si hivyo," na akawa sahihi. Ukiandika peke yako mezani, hakuna wa kukukatiza.

Miaka mingi baadaye, karibu ya yeye kustaafu, Nyambu alileta lori ikiteleza klachi. Niliishusha gea boksi, nikakuta bamba limeungua hadi jeusi. Hilo halina siri: dereva anaegemeza mguu kwenye pedeli akiendesha. Nilishika kadi na kalamu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nyambu alikuwa amesimama kando, mikono nyuma.

"Ndugu," nilisema, "safari hii nimepaka sabuni kila mahali. Ni mguu wako."

Akalichukua bamba, akalinusa, akaligeuza upande wa pili akalinusa tena.

"Basi andika hivyo," alisema. "Kisha nisomee."